Maharage Yaliyogoma Kuiva: Uyaloweke, Utie Magadi au Uyapeleke Kwenye Presha?

Jumapili moja nyumbani kwetu Igoma, jijini Mwanza, chakula cha mchana kililiwa saa kumi na moja jioni. Wali ulikuwa tayari tangu saa saba. Kilichosubiriwa ni maharage. Yalibandikwa asubuhi kabla watu hawajaenda misa, mkaa ukaongezwa mara tatu, na kila yalipoonjwa yalikuwa yaleyale: ganda limeachia kidogo, ndani kama chaki. Shangazi, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Kwimba, alifunua sufuria, akaguna. "Kwani humu ndani hamna magadi?" Wifi yangu akadakia kwamba kwao kuna sufuria ya presha, maharage hayapiti dakika arobaini. Jirani aliyekuja kuomba kiberiti naye akatupa la kwake: hamkuloweka, halafu mnalaumu mkaa.

Kila mmoja alikuja na dawa. Hakuna aliyeuliza mgonjwa anaumwa nini.

Nimezitumia njia zote tatu kwa zamu tangu siku ile, pamoja na ya nne ambayo nitaigusia kidogo. Zote zinaivisha. Zinapotofautiana ni kwenye aina ya maharage uliyouziwa, maji unayopikia, muda ulio nao na nishati iliyopo. Na moja kati yake, kwa maoni yangu, tunaitumia kuliko inavyostahili.

Kwanza, ugonjwa wenyewe

Punje ya haragwe imejengwa kwa vijumba vidogo sana vilivyoshikanishwa na gundi iitwayo pektini, hiyohiyo inayofanya jamu igande. Haragwe linapoiva, gundi hiyo huyeyuka, vijumba vikaachiana, na wanga uliomo ndani ukanywa maji na kuvimba. Sasa gundi hiyo hukazwa na madini mawili, kalsiamu na magnesiamu, yanayofanya kazi ya misumari kwenye mbao. Haragwe la msimu huu huwa limeyafungia madini hayo kwenye kitu kingine kinachoitwa fitati. Likilala ghalani miezi mingi kwenye joto na unyevu, fitati huvunjika polepole na madini huachiwa huru. Ukilibandika motoni, misumari inakimbilia kwenye gundi. Moto unalegeza, madini yanakaza, na wewe umesimama hapo na mwiko.

Mwanza tunaletewa maharage mengi kwa malori kutoka Kagera na Kigoma. Yakifika huingia kwenye stoo zenye paa la bati, na joto la bati pamoja na unyevunyevu wa ziwani ndiyo mazingira hasa yanayozeesha punje. Usimuulize muuzaji kama ni ya msimu huu, kwa sababu kila gunia sokoni ni la msimu huu. Tazama rangi. Maharage ya njano yakizeeka huelekea kahawia, na kablanketi hupoteza mng'ao na mistari yake hufifia. Ukiwa na shaka, nunua nusu kilo ukajaribu kwanza kabla hujabeba sado nzima.

Kuna kasoro ya pili ambayo watu huichanganya na hiyo. Loweka kiganja kimoja usiku, asubuhi utaona punje chache zimebaki ndogo na ngumu kama kokoto, hazikunywa maji kabisa. Hizo ganda lake limekauka mno kiasi kwamba halipitishi maji. Zitoe kwa mkono, basi. Zinazosumbua kweli ni zile zilizovimba zikapendeza, halafu baada ya saa mbili motoni bado ni chaki. Hizo ndizo wazee.

Kuongeza mkaa hakukusaidia, na sababu iko hapahapa tulipo. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayokandamiza sufuria ya Mwanza ni hafifu kuliko ya Dar es Salaam, hivyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za Selsiasi badala ya 100. Na maji yakishachemka hayapandi joto tena hata uyawekee moto wa mhunzi. Yanachofanya ni kugeuka mvuke haraka zaidi. Zile kopo tatu za mkaa za Jumapili ile zilikausha mchuzi tu. Moto mdogo unaotokotesha taratibu ungefanya kazi ileile kwa mkaa nusu.

Upande wa maji, lakini, sisi wa mjini tuna bahati. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, ndiyo maana maji yake hayana madini mengi na sabuni hutoa povu bila kubembelezwa. Maji ya visima vya bara ni habari nyingine. Kisima chenye kalsiamu nyingi utakijua kwa ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika, na kalsiamu hiyo ikiingia kwenye sufuria ya maharage ni misumari ya ziada. Nilipolifahamu hilo ndipo nilipomwelewa shangazi. Amepikia maji ya kisima maisha yake yote. Magadi kwake hayakuwa uvivu.

Kuloweka, lakini kwa chumvi

Kuloweka kwa maji matupu kunapunguza muda, ila si dawa ya uzee. Maharage mapya yaliyolowekwa huiva mapema na kwa usawa, basi. Yaliyozeeka yanabaki na uzee wake. Kinachobadilisha mambo ni chumvi.

Najua. Sote tumelelewa tukiambiwa chumvi inashupaza maharage, itiwe mwisho kabisa. Mimi mwenyewe nimewahi kunyang'anywa kopo la chumvi jikoni. Ila jaribu hivi: loweka nusu kilo kwenye lita moja na nusu ya maji uliyokoroga chumvi, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita, kisha loweka nusu kilo nyingine kwenye maji matupu. Pika kila moja sufuria yake. Sodiamu iliyo kwenye chumvi huingia ndani ya ganda na kuchukua nafasi za kalsiamu na magnesiamu, lakini yenyewe haina nguvu ya kukaza. Ni kama kung'oa msumari ukaweka kijiti. Ganda hulainika, punje haipasuki ovyo, na ladha inakuwa imefika ndani badala ya kuelea kwenye mchuzi. Maji hayo unayamwaga na maharage unayasuuza, hivyo usiogope kula chumvi yote uliyotia, ingawa mwenye shinikizo la damu apunguze chumvi ya kuungia baadaye.

Kumwaga maji kuna faida nyingine ambayo watu huicheka mezani. Maharage yana sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi ambazo tumbo la binadamu halina kimeng'enya cha kuzivunja. Zinapita nzima mpaka utumbo mpana, bakteria wanazifurahia, na gesi wanayotoa unaijua. Sehemu ya sukari hizo huyeyukia kwenye maji ya kulowekea. Sehemu tu, si zote. Anayekuahidi maharage yasiyo na gesi kabisa anakudanganya. Utapoteza pia rangi kidogo, na mapishi ya kablanketi yaliyomwagwa maji huwa na mchuzi mweupe kuliko ya bibi.

Angalizo la joto letu: saa nane hadi kumi na mbili zinatosha. Ukiyaloweka saa kumi jioni ukayakumbuka kesho yake adhuhuri, utakuta vipovu na harufu ya togwa. Yameanza kuchacha. Na ukisahau kabisa kuloweka, chemsha dakika mbili au tatu, epua, funika, subiri saa moja, mwaga maji, anza upya. Si sawa na usiku mzima ila inasogea.

Gharama yake ni chumvi ya shilingi chache. Shida yake ni moja: inamfaa mtu anayejua leo atakachokula kesho, na si kila nyumba inajua.

Magadi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ugomvi ulipo.

Magadi ni chumvichumvi za kaboneti na bikaboneti ya sodiamu zinazoganda kwenye maziwa yasiyo na njia ya kutokea maji, kama Ziwa Natron kwetu na Ziwa Magadi kwa majirani zetu Kenya. Kinyume chake ni ukali wa limau. Pektini huvumilia sana uchachu, ndiyo maana nyanya, ndimu au ukwaju vikitiwa mapema maharage hugoma, lakini kwenye maji ya magadi inasambaratika haraka. Mama lishe mmoja wa Mabatini, ambaye maharage yake nimeyala miaka, hatii nyanya hata kipande mpaka punje iwe inapondeka kwa kidole. Anachemsha peke yake, anakuja kuunga mwisho. Hakufundishwa kemia, amefundishwa na wateja wa saa sita mchana ambao hawasubiri.

Kwa kasi, basi, magadi hayana mpinzani kwenye sufuria ya kawaida. Maharage ya mwaka juzi, maji ya kisima, kuni zinaisha: kipande kidogo kinaokoa siku. Bei yake unailipa kwingine.

Vitamini B1 haistahimili magadi. Maharage ni miongoni mwa vyakula vyetu vya bei nafuu vinavyobeba vitamini hiyo, nasi tunaiharibu kwa mkono wetu. Kisha ladha: magadi yakizidi kidogo tu mchuzi unateleza ulimini kama uliosafishwa kwa sabuni, rangi inakoza, maganda yanaachana na punje na kuelea. Mwenye presha ya damu anaongezewa sodiamu asiyoihesabu. Na jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba magadi ya mawe yanaweza kubeba floridi nyingi. Kwenye meno ya mtu mzima haionekani, ila mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya ufizi anaweza kuotesha meno yenye madoa ya kahawia, na madoa hayo hayatoki kwa mswaki. Kama maji ya eneo lenu tayari yana floridi, unaongeza juu ya iliyopo.

Tatizo jingine ni kipimo. Jiwe halina kipimo. Kipande cha ukubwa wa kidole cha leo si sawa na cha wiki ijayo, kwa sababu kila donge lina mchanganyiko wake wa chumvi na uchafu. Ukilazimika, heri soda nyeupe ya kuokea keki, robo kijiko cha chai kwa nusu kilo ya maharage, tena kwenye maji ya kulowekea utakayoyamwaga. Hapo unapata sehemu kubwa ya faida na hasara kidogo.

Mlenda ni kesi nyingine, siingilii. Magadi kwenye mlenda hutunza ukijani, kwa sababu rangi ya majani hufifia kwenye uchachu na kusimama kwenye magadi, na ule mvutano wenyewe tunaupenda. Unaliwa kidogo kando ya ugali. Maharage tunakula bakuli.

Presha

Mwaka 1679 Mfaransa Denis Papin, akiwa London, alitengeneza chungu cha chuma chenye mfuniko wa kukaza ili alainishe mifupa. Hesabu yake ndiyo hiyohiyo ya sufuria ya wifi yangu: ukiuzuia mvuke usitoke, mgandamizo unapanda, na maji yanalazimika kupata joto zaidi kabla ya kuchemka. Ndani ya sufuria ya presha maji hufika nyuzi kati ya 115 na 120 kutegemea aina yake. Wakazi wa milimani na sisi wa kando ya ziwa hili lililoinuka tunafaidika nayo kuliko watu wa pwani, kwani inaturudishia zile nyuzi nne tulizokosa na kuongeza kumi na tano hadi ishirini juu yake.

Maharage yaliyolowekwa huchukua dakika kumi hadi ishirini tangu mvuke uanze, yasiyolowekwa dakika thelathini na tano hadi hamsini. Yale mazee yatahitaji zaidi, na mengine hayatakuwa laini sawasawa hata humo. Vitamini zinabaki kuliko kwenye magadi. Sumu ya asili iliyomo kwenye maharage mekundu mabichi, lektini, inakufa bila mjadala.

Kinachonikera ni kwamba huwezi kuonja. Unafunga mfuniko kwa imani. Ukikosea kwa dakika kumi, umepata uji wa maharage. Pia mvuke hautoki, kwa hiyo mchuzi unabaki maji. Baada ya kufungua, acha yachemke wazi dakika kumi huku ukiponda kijiko kimoja viwili cha punje ubavuni mwa sufuria, utaona unavyoshika. Tena usifyatue mvuke kwa pupa ukishazima. Maji yaliyo ndani ya kila punje yana joto la zaidi ya nyuzi 100. Mgandamizo ukiondoka ghafla yanageuka mvuke humohumo na punje zinapasuka zote. Acha ishuke yenyewe robo saa.

Usalama ni mambo machache tu: usijaze kupita nusu, maana maharage huvimba na kutoa povu linaloweza kuziba tundu la mvuke, na tia kijiko cha mafuta kutuliza povu hilo. Mpira wa mfuniko ukipasuka, nunua mwingine. Usiufunge kwa kitambaa.

Za umeme zimeanza kuzoeleka, hasa tangu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 ulioweka lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania kufikapo 2034. Watu huziogopa kwa sababu ya LUKU. Ukweli ni kwamba hazivuti umeme muda wote. Zikishafika joto hujizima na kuwaka kwa vipindi, na sufuria moja ya maharage haifiki uniti moja. Ukilinganisha na mkaa wa kopo unaochoma tangu asubuhi, hesabu si ngumu. Shida ni kuinunua sufuria yenyewe kwa mara moja. Umeme ukikatika katikati usiifungue, joto lililomo litaendelea kupika kwa muda.

Ile njia ya nne niliyoitaja ni kapu la kuhifadhi joto, sufuria iliyochemka inafukiwa kwenye matambara au pumba ndani ya kapu na kuachwa. Linaokoa mkaa kweli. Kwa maharage mekundu tu, hakikisha yamechemka kwa nguvu nusu saa nzima kabla ya kuyafukia, kwa sababu joto la nyuzi 80 haliui lektini, na punje chache zisizoiva zinatosha kukutapisha usiku.

Sasa uchukue ipi?

Ukiwa mjini na maji ya bomba kutoka ziwani, maharage ya njano ya msimu, familia ya watu wanne watano: loweka kwa chumvi, pika kwa moto mdogo. Usinunue chochote. Njano huwa mepesi kuiva kuliko mekundu, na hapo hata presha ni mbwembwe.

Ukitoka kazini saa kumi na mbili na watoto wanalia njaa, presha haina mbadala, na kama unaweza kuchanganya, yaloweke asubuhi unapotoka. Utakula saa moja na nusu.

Unayepikia wateja hamsini, sufuria ya presha ya nyumbani ni mwanasesere. Loweka kwa chumvi kwenye ndoo, na ukiuziwa gunia la zamani usiokoe gunia zima kwa magadi. Changanya kidogo kidogo na jipya? Hapana, usichanganye kabisa. Yataiva nyakati mbili, nusu uji nusu kokoto, nami nimeshayala ya namna hiyo. Yaloweke peke yake na robo kijiko cha chai cha soda kwa kila nusu kilo, mwaga maji, kisha yapike.

Uliye bara, kisima kina ukoko, kuni ndizo nishati: kama una bati na mtaro, kinga maji ya mvua kwa ajili ya maharage tu, hata ndoo moja. Ni maji laini kama ya ziwa. Ukikosa, magadi kidogo, na watoto wadogo wapikie maharage yao kando bila hayo, ukiweza.

Jumapili ile, kwa taarifa, tuliishia kutia soda. Yaliiva ndani ya nusu saa, na mchuzi ukawa na rangi ya chai ya mkandaa. Wageni walikula kwa adabu.

Shangazi amerudi mwezi uliopita. Usiku nilimkuta jikoni akikoroga chumvi kwenye beseni la maharage bila kuambiwa na mtu, akanitazama kana kwamba nimemfumania. Lakini asubuhi, nikimtafutia dawa yake kwenye mkoba, nikakuta kifundo cha kitambaa chenye mawe ya magadi.

"Ya mlenda hayo," akasema kabla sijafungua mdomo.